Kijana kafaulu, droo haikumwangukia

Juzi mama mdogo kanitumia voisi kutoka Tanga, dakika nne nzima, na kwa pembeni nawasikia kaka zangu na dada wanamkumbusha maneno. Swali lao ni moja: nyie si mlisema Marekani mtoto akiwa na akili njia iko wazi, sasa mbona kijana wako kafaulu halafu ile shule maalumu hajachukuliwa, au na huko kuna kujuana? Nimeona nijibu kwa kuandika, maana mko wengi mnaoniuliza hili jambo mmoja mmoja, na ntasema kama lilivyo.

Niwatoe wasiwasi kwanza, hakuna mtu aliyekula nafasi yake. Sisi tuko Silver Spring, Maryland, kaunti ya Montgomery, na hapa mtoto akimaliza darasa la tano anaingia shule ya kati, la sita mpaka la nane, na shule gani inaamuliwa na nyumba anayolala. Hiyo nafasi ni yake, hakuna mtihani wa kumnyima. Sasa juu ya hapo kuna programu zinaitwa magneti: Takoma Park ina ya hesabu, sayansi na kompyuta, Eastern ina ya uandishi na mambo ya jamii, na upande wa juu wa kaunti ziko Roberto Clemente na Martin Luther King Jr. Zote ni za serikali na ada hakuna. Ichukulieni kama shule za vipaji maalumu za kwetu, Ilboru, Mzumbe, Kilakala, ila mtoto jioni anarudi kula kwenu.

Hapo ndo panapowachanganya, maana kwetu ukisikia vipaji maalumu unajua majina yamepangwa kwa maksi kuanzia juu halafu wakakata mstari. Hapa nako zamani ilikuwa karibu na hivo, mtoto anafanya mtihani wake, wahusika wanakaa wanachambua. Ikaja Korona, ule mtihani ukashindikana, wakaleta droo, na droo ikabaki. Kwa hiyo milango ni miwili. Wa kwanza ni maksi, kuna mtihani unaitwa MAP, watoto wanaufanya shuleni kwenye kompyuta mara kadhaa kwa mwaka, inatakiwa mtoto kati ya wenzie 100 awe kawapita kama 85, na wenzie hao sio wa kaunti nzima, ni wa shule ambazo hali ya vipato inafanana na ya shule yake, halafu ripoti yake iwe na A kwenye masomo yanayohusika. Wala huombi, wanaangalia kila mtoto wa darasa la tano. Akipita, jina linaingia kapuni, na mlango wa pili ni kompyuta kuchomoa majina bila kujali nani alipata ngapi. Aliyewapita 99 na aliyewapita 85 wakishaingia kapuni wako sawasawa.

Kijana wangu jina liliingia. Majibu yalivokuja nlikuwa kwenye gari, nje ya kazini, zimebaki dakika sita niingie zamu, nikasoma kwenye simu: amekidhi vigezo, hakuchaguliwa, yuko kwenye orodha ya kusubiri. Nlirudi saa nne usiku nikamkuta macho, hajalala, kakaa mezani na karatasi yake ya MAP kaikunjua mbele yake, anapitisha kidole kwenye zile namba, akaniuliza, "Mama, kwani nlikosa ngapi?"

Wallahi nlikosa jibu. Mtoto kazoea kwamba ukikosa kitu basi kuna swali ulikosea, unalitafuta unalirekebisha, na mimi ndo niliyemfundisha hivo kila siku ya Mungu. Nikamwambia hukukosa hata moja mwanangu. Akasema sasa mbona.

Mkiniuliza mimi kama droo ni haki, ntasema ni haki kuliko mtihani peke yake, kwa sababu nawaona wazazi wenye uwezo wanavyopeleka watoto tuisheni tangu darasa la pili kwa ajili ya huo mtihani, na mtoto wa mama anayelea wazee usiku kama mimi angeshindana nao kwa kitu gani? Lakini pia nawaelewa wanaolalamika. Kuna wazazi wenye asili ya Asia walipeleka bodi ya elimu mahakamani mwaka 2020, wakisema mabadiliko ya vigezo yamewabana watoto wao, jaji akaitupa ile kesi 2022. Kwangu mimi tatizo lenyewe ni nafasi, kama watoto wanaofaa ni wengi namna hii basi madarasa yaongezwe, mbona walimu wapo na watoto wenyewe hawa hapa.

Na msidhani droo zote ziko hivo. Kuna shule tatu nyingine, Argyle, Loiederman na Parkland, hizo hazina maksi kabisa, ukiishi maeneo yake mzazi unajaza fomu unapanga ipi ya kwanza ipi ya pili, moja ina ubunifu wa kompyuta, moja sanaa na maigizo, moja mambo ya anga. Sisi tulikaa huko tulipokuwa wageni, na binti yangu mkubwa anaimba toka mdogo, Loiederman ingemfaa sana. Fomu ilikuja kwenye imeili ambayo nlikuwa sifungui, nikaja kuiona tarehe imepita, akapangiwa tu panapopatikana. Hilo linaniuma kuliko la kijana, kwa sababu kijana bahati haikumwangukia lakini binti mimi ndo sikumtia kapuni.

Kwa hiyo mtakaokuja na watoto, sikilizeni. Shule haiulizi makaratasi ya uhamiaji, hilo lilishaamuliwa na mahakama ya juu kabisa ya huku tangu 1982, inachotaka ni uthibitisho wa unapoishi, mkataba wa pango na bili, na kama umejihifadhi kwa ndugu kuna fomu mwenye nyumba anathibitisha. Ukihama badilisha anwani siku hiyohiyo. Imeili ya shule ifungue kila jioni, usiseme ni matangazo. Kiingereza kikikushinda omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi kitu na wala sio aibu.

Usiku ule nlikaa na kijana nikamhadithia yetu. Nikamwambia mimi na mama yako mkubwa tulijaza droo ya grini kadi siku moja, cyber moja pale Tanga, viti vimegusana, yeye ndo aliyenirekebishia picha maana yangu ilikuwa inakataliwa, na vyeti vyake ni vizuri kuliko vyangu. Jina langu likatoka, lake halikutoka. Akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwa hiyo mama mkubwa hakukosa kitu?" Nikamwambia hakukosa kitu. Akaikunja ile karatasi akaenda kulala.

Mwisho wa Agosti anaanza shule ya mtaani kwetu, na huko nako wamempa lile darasa la hesabu la juu, linaitwa AIM, wanalowapa waliofikisha vigezo wakakosa nafasi. Orodha ya kusubiri bado jina lake lipo. Dada, najua hii utasomewa na wewe, kijana anataka kuongea na wewe Jumapili, shika simu.