Mashini, kalamu na pini: ushauri kwa makontabu wachanga wa Lubumbashi

Vijana wa seksheni ya biashara wakimaliza shule na kuingia kwenye madepo ya hapa Lubumbashi kufanya staji, swali la kwanza wanaloniuliza ni hili: ninunue mashini gani ya kuhesabu? Wengine wamekwisha jijibu kwamba simu inatosha. Haitoshi. Lakini kabla ya kufika huko, niseme ninachoamini baada ya miaka mingi ya kushika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi. Kujumlisha, mashini zote zinajua. Kontabu ananunua mashini, kalamu, mhuri, hata pini za kubania karatasi, ili mtu mwingine aje kesho au baada ya miaka, apite njia ileile aliyopita yeye, afike kwenye jumla ileile. Kifaa kisichosaidia hilo sikiweki mezani.

Tuanze na simu. Kioo chake ni laini, kidole hakijui kimefika wapi, kwa hiyo macho yanalazimika kuhama kutoka kwenye fakture (ankara) kwenda kwenye simu na kurudi. Hapo ndipo mstari unaporukwa. Mashini ya mezani ina kinundu kidogo juu ya kitufe cha 5. Kidole cha kati kikishakigusa, vingine vinajua vilipo, na macho yanabaki kwenye karatasi. Kuna na hili: mkono unaoshinda ukipiga namba za simu na kutuma pesa umezoea 1-2-3 kuwa juu, wakati kwenye mashini na kwenye kibodi ya kompyuta juu kuna 7-8-9. Fanya mazoezi ya mkono kwenye mashini mpaka usiwe unafikiri tena. Ukiweza, zoeza mkono wa kushoto, wa kulia ubaki na kalamu.

Mashini yenyewe iwe ya tarakimu 12. Sisi tunahesabu dola na franka kwa pamoja, na franka zinakula nafasi. Mashini ya tarakimu 8 inaishia 99,999,999. Kwa kiwango cha 2,500 kwa dola moja, hizo hazifiki hata dola 40,000, na depo linalopokea saruji na mabati kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, linaweza kuzipita kabla mwezi haujaisha. Ukiweka na senti mbili baada ya nukta, mashini hiyohiyo inaishia 999,999.99. Usiichukue hata ukipunguziwa bei.

Sasa angalia swichi zilizo juu ya vitufe, kwa sababu watu wengi wanazitumia mashini hizi bila hata kuzitazama. Moja inapanga tarakimu ngapi zibaki baada ya nukta: F (zote), 4, 3, 2, 0, na mara nyingi A. Hiyo A inaweka nukta yenyewe kabla ya tarakimu mbili za mwisho unapojumlisha au kutoa. Ukiandika 45000, mashini inasoma 450.00. Ni nzuri kwa anayejumlisha dola na senti mfululizo, maana haandiki nukta. Kwa anayehesabu franka ni hatari. Nimeona stajieri mmoja akihangaika asubuhi nzima na jumla iliyokuwa ndogo mara mia kuliko vitabu, kumbe mtu wa zamu ya jana aliiacha swichi kwenye A. Swichi ya pili inakadiria: mshale wa juu (inapandisha), 5/4 (5 na zaidi inapanda, 4 na chini yake inashuka), mshale wa chini (inakata). Iache kwenye 5/4. Kila asubuhi, kabla ya namba ya kwanza, tazama swichi zote mbili.

Ukiwa dukani, usinunue kabla hujafanya jaribio hili: andika 100, bonyeza +, andika 16, bonyeza %. Ikitoka 116, vizuri. Ikitoka 119.047 na kuendelea, usidhani mashini imeharibika. Casio nyingi za mezani zinafanya hivyo kwa makusudi: zinatafuta bei ya kuuzia ambayo faida yake ni asilimia 16 ya bei hiyo, yaani 100 gawanya kwa 0.84. Kwenye mashini hizo, kuongeza asilimia 16 unaandika 100 × 16 % +. Nimechagua 16 kwa sababu ndiyo TVA yetu, kodi ya ongezeko la thamani, na hapo ndipo vijana wengi wanapoanguka. Bei yenye TVA ndani ikiwa dola 1,160, hupati bei halisi kwa kutoa asilimia 16. Ukitoa hivyo unapata 974.40. Jibu sahihi ni 1,160 gawanya kwa 1.16, yaani 1,000. Dola 25.60 zimepotea kwenye fakture moja tu, na atakayeziona kwanza anaweza kuwa mkaguzi wa DGI, ofisi ya kodi. Mashini yenye vitufe vya TAX+ na TAX- inakuondolea mashaka, mradi uweke 16 ndani yake na uijaribu kwa hiyohiyo 1,160.

Kitufe ninachokipenda kuliko vyote ni GT, yaani jumla kuu. Fakture ya muuzaji imekuja: mifuko 120 kwa 11.50, mabati 35 kwa 8.20. Unafanya 120 × 11.50 =, kisha 35 × 8.20 =, kisha GT. Inakupa 1,667 bila wewe kuandika 1,380 na 287 popote. Hakikisha tu kwamba alama ya GT imezimika kwenye kioo kabla hujaanza, la sivyo unabeba na hesabu ya fakture iliyopita. Na siku ya kugeuza orodha ndefu ya dola kuwa franka, andika kiwango cha siku, bonyeza × mara mbili. Kwenye Casio nyingi inatokea alama ya K. Kuanzia hapo unaandika kiasi na = tu, kiasi na = tu, kiwango kinakaa palepale.

Nikija kwenye mashini ya kuchapa, ile yenye karatasi ya kuzunguka, najua bei yake inawatisha. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa ametoka ofisi za Gécamines, kampuni ya madini, na hakupokea jumla yoyote isiyokuja na utepe wake. Alikuwa anatazama mstari wa kwanza kabla ya mwingine wowote: kuna alama ya kufuta? Utepe usioanza na sifuri haujathibitisha kitu, kwa sababu haijulikani mashini ilikuwa imebeba nini kabla. Halafu anateremka na penseli ya kijani, namba ya utepe, namba ya fakture, alama. Namba, namba, alama. Mpaka leo nafanya vilevile: nafuta, najumlisha, nachana, nabana utepe nyuma ya fungu la fakture, naandika tarehe na jina langu. Asiye na uwezo wa mashini hiyo atafute ya kawaida yenye kitufe cha CHECK, inayokumbuka hatua na kukurudisha nyuma moja baada ya nyingine. Hutakuwa na karatasi, lakini utaweza kupita tena.

Na pande mbili za vitabu, debiti na krediti, zikikataa kulingana, usianze kujumlisha upya kila kitu. Ichukue tofauti yenyewe uigawe. Ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano mkubwa kwamba tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. 5,830 ikiandikwa 5,380, tofauti ni 450, na 450 kwa 9 ni 50: hiyo 5 kwenye makumi inakuonyesha kwamba tarakimu zilizobadilishana zinapishana kwa 5, na ziko kwenye mamia na makumi. Sifuri iliyosahaulika nayo inajitaja. 7,200 ikiandikwa 720, tofauti ni 6,480, ukigawa kwa 9 unapata 720 yenyewe. Kama 9 imekataa, gawa kwa 2: tofauti ya 640 inakuambia utafute 320 iliyoandikwa upande usio wake. Nawafundisha vijana jambo hili kabla ya kompyuta, maana programu itakuambia vitabu havilingani, ila 320 utaitafuta wewe.

Kalamu iwe ya wino usiofutika. Blanko, ule wino mweupe wa kufunikia makosa, sitaki kuuona ofisini. Sheria ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu imo ndani yake tangu 2012, haitaki nafasi tupu wala mabadiliko kwenye daftari la siku. Kosa linabaki likisomeka: kiasi kilichokosewa kinaandikwa tena kama hasi, kisha kiasi sahihi kinaandikwa.

Sheria hiyohiyo inataka vitabu na karatasi zake vitunzwe miaka 10, na hapa ndipo karatasi za joto zinapotuangusha, zile risiti nyororo za mashini za kadi na za vituo vya mafuta. Zikikaa karibu na dirisha, au kwenye mfuko wa plastiki, maandishi yanapauka mpaka yanaisha. Piga fotokopi siku hiyohiyo, ubane pamoja na asili yake. Kwa sababu hiyo mashini yangu ya kuchapa ni ya wino. Pini nazo zinashika kutu wakati wa mvua na kula karatasi, kwa hiyo mafaili yasikae chini sakafuni. Kiangazi adui ni vumbi letu jekundu linaloingia kati ya vitufe. Kitambaa juu ya mashini kila jioni kinatosha.

Kwa sanduku la pesa, chapa karatasi ya kuhesabia noti yenye safu mbili, dola na franka, kila noti na mstari wake kuanzia 20,000 kushuka. Hesabu kila sarafu peke yake, usigeuze kitu mpaka safu zote mbili zimefungwa, na kiwango cha siku kiandikwe juu ya karatasi. Dola zilizochanika ziandike mstari wa pembeni, kwa sababu sokoni zinakataliwa na bosi atauliza. Sponji yenye maji kidogo kwa ajili ya vidole ni bora kuliko kulamba. Noti hizo zimepita mikono mingi.

Umeme ukikatika, mashini ya jua na betri inaendelea. Ifunike kidirisha cha jua kwa kidole ukiwa dukani: kioo kikizimika, betri haimo au imekufa, hata kama kwenye sanduku wameandika vingine. Bidhaa za kuiga ni nyingi, na nyingi nimezikamata kwa jaribio hili. Baadhi ya mashini za kuchapa nazo zinakubali betri ndogo, uliza kabla hujalipa.

Kama mwezi huu una pesa ya kitu kimoja tu, chukua ya mezani ya tarakimu 12 yenye GT na CHECK. Mwezi unaofuata mhuri wa tarehe na penseli ya kijani, maana ni vya bei ndogo na utavitumia kila siku. Ya kuchapa, mwombe bosi ainunue kwa jina la depo, iandikwe kwenye orodha ya mali, ili siku utakapoondoka ibaki na atakayekaa kwenye kiti chako.