Usiandike "bili" kabla hujajua karatasi hiyo inafanya kazi gani

Futa neno "bili" katika tafsiri hiyo kabla hujaituma kwa mteja. Umeuliza kama "bill of lading", yaani hati ya shehena inayotolewa na msafirishaji, inaweza kufasiriwa "bili ya mizigo", na neno "bill" limetoka wapi hata likawa pia mdomo wa ndege. Nitalijibu lile la kwanza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonitia hasara ambayo hadi leo mke wangu huitaja kila bei ya mchele inapopanda.

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri huko Mombasa alinipa barua ya msafirishaji nimfasirie. Barua ilieleza kwamba "bills" tatu halisi zingemfikia kwa huduma ya vifurushi, nami bila wasiwasi wowote nikaandika "bili tatu halisi". Mzee yule alikuwa amekwisha kulipa nauli yote ya meli na risiti alikuwa nayo, kwa hiyo bahasha ilipofika dukani aliikataa, akamwambia kijana aliyeileta kwamba yeye si mtu wa kudaiwa mara tatu kwa mzigo mmoja. Bahasha ikarudi ilikotoka. Kumbe ndani mlikuwa na hati za shehena, ambazo hazidai hata senti: hati hiyo ni stakabadhi kwamba mzigo umepokewa, ni ushahidi wa mkataba wa kuusafirisha, na zaidi ya yote ni hati ya umiliki, hivi kwamba mwenye nakala halisi ndiye anayekabidhiwa mzigo. Kwa kawaida hutolewa nakala halisi tatu, na moja ikishatumika kuchukulia mzigo, zilizobaki hukosa nguvu. Kontena liliposhuka, wakala wa forodha alikwenda kulitoa akaulizwa BL, yaani hiyo hati ya shehena, iko wapi. Siku za kuuacha mzigo bandarini bila malipo zikaisha, gharama za kuhifadhi mzigo na za kuchelewesha kontena zikaanza kuhesabiwa kila kulipokucha, na bahasha yenyewe ilikuwa bado njiani ikirudi kwa mara ya pili. Sehemu ya gharama hizo nilizilipa mimi, na mteja nikampoteza. Nikabaki na uzoefu, ambao dukani haununui hata kiberiti.

Anayestahili lawama kuliko mimi ni mwalimu wa kozi ya tafsiri niliyoilipia kwa fedha zangu, aliyetukaririsha kwamba neno lililokwisha kukopwa na Kiswahili halina haja ya kutafutiwa jingine. Kwa ujasiri ule angeweza kumwita Bill Gates "Bili ya Malango" na kutudai ada juu yake. Hakutuambia kwamba Kiswahili kilikopa maana moja tu, ile ya umeme, maji na hoteli.

Kwa Kiingereza neno hilo lilikuwa la hati kwanza. Lilitokana na "bulla" ya Kilatini, yaani kiputo au kitu cha mviringo, kisha muhuri wa madini ya risasi ulioning'inizwa kwenye hati, na ndiyo maana hati rasmi za Papa nazo huitwa "bull". Kutoka hapo likawa jina la maandishi ya kila namna: bungeni ni muswada, kwa Mmarekani ni noti, na "Bill of Rights" ya Uingereza ya mwaka 1689, sawa na ya Marekani iliyoridhiwa mwaka 1791, ni Hati ya Haki, ambayo ukiiita muswada utakuwa unawaambia wasomaji kwamba haijapitishwa hadi leo. Mdomo wa ndege ni neno jingine kabisa, la Kiingereza cha kale, lililofanana na hili kwa sauti tu.

Kwa hiyo, kila unapokutana na "bill", jiulize karatasi hiyo inampa aliyeishika nini: deni, mzigo, au jambo la kupigiwa kura? Ukikosa jibu, mpigie simu wakala wa forodha, usimpigie mwalimu. Na hiyo "clean bill" uliyoifasiri "bili safi" katika aya yako ya pili irekebishe leo hii, kwa kuwa maana yake ni hati ya shehena isiyoandikwa kasoro yoyote kuhusu hali ya mzigo ulipopakiwa, na benki inayomlipa muuzaji kwa barua ya dhamana ya malipo ("letter of credit") huikataa hati iliyoandikwa kasoro.