Pima karatasi kwanza, njia baadaye

Ninyi mnaoanza kazi za ramani hapa Lamu, iwe ni kupima ardhi au kutembeza wageni, skeli ya 1:50,000 isiwatishe. Sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 50,000 ardhini, yaani mita 500. Weka rula kutoka mji wa Lamu hadi Shela. Ukipata kama sentimita 6, hizo ni kilomita 3. Wanaokosea hapa wengi huangushwa na sifuri, kwa hiyo geuza sentimita ziwe mita mapema, kabla hujazidisha chochote.

Kinachoponza watu hasa ni fotokopi. Ramani nyingi utakazopewa kazini ni nakala, na ukurasa wa A3 ukipunguzwa uingie A4, kila urefu hubaki takriban asilimia 71. Zile sentimita 6 za Shela sasa ni 4.2 na ushei, lakini pale chini bado pameandikwa 1:50,000! Mwenye haraka atakuapia kwamba ni kilomita 2.1. Basi, kabla ya yote, pima mraba mmoja wa gridi, ile mistari inayokatana juu ya ramani. Kwenye ramani halisi ya skeli hiyo, upande wa mraba wa kilomita 1 ni sentimita 2. Ukikuta 1.4, gawanya 4.2 kwa 1.4, na kilomita zako 3 zinarudi. Mstari wa skeli uliochorwa pembeni hupungua sawasawa na ramani, ndiyo maana mimi huuamini kuliko tarakimu.

Mkitafuta ukubwa wa eneo, msizidishe kwa 500 mara moja tu. Sentimita 1 ya mraba ni mita 500 kwa mita 500, yaani hekta 25. Kwenye shamba la mtu, kosa hilo huzua kesi.

Njia ya maji nayo haifuati rula. Kwa safari ya Siyu au Faza kupitia Mkanda, ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, laza uzi juu ya mkondo, ufuate kila kona, kisha unyooshe uupime kwa mstari wa skeli. Halafu muulize nahodha. Maji yakipwa, Mkanda huwa haupitiki kwa vyombo vingi, na itabidi kuizunguka Manda kwa nje. Kwa hiyo pima njia zote mbili, na kando ya ile ya Mkanda andika saa ya maji kujaa siku hiyo.