Maswali ya Wasomaji: Kuandika Marejeo ya Michoro ya Vekta kwa Kiswahili

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha vijana 12 usanifu wa michoro kwa kompyuta hapa Sinza, Dar es Salaam. Tunatumia SVG, aina ya faili la michoro ya vekta, yaani michoro inayoelezwa kwa maumbo na vipimo, kwa sababu faili lake ni maandishi matupu, na mwanafunzi anaweza kulisoma na kulirekebisha bila programu ya kununua. Nimeanza kuwaandikia marejeo kwa Kiswahili, ukurasa mmoja kwa kila elementi, yaani kila kipande cha mchoro chenye jina lake, na ninaambatisha ukurasa wa "circle". Je, nitafsiri majina ya elementi? Na kwa nini wanafunzi, hata baada ya kusoma kurasa hizo, bado wananiita kuniuliza mchoro wao umepotelea wapi?
Mwalimu, Sinza

JIBU: Mwalimu, nimeusoma ukurasa wako mara mbili, nikafurahi kuona Kiswahili chako kilivyo safi. Umeanza kwa aya nzima inayoeleza duara ni nini, kisha ukaorodhesha sifa tatu, "cx", "cy" na "r", na maana ya kila moja. Hukusema popote kinachotokea sifa mojawapo isipoandikwa, na hapo ndipo wanafunzi wako wanapokwama. Anayefungua marejeo yumo katikati ya kazi. Duara analijua tangu shule ya msingi, ila lake halionekani, na anataka kujua sababu kabla hajasahau alichokuwa akifanya.

Majina ya elementi na sifa usiyatafsiri hata kidogo, kwa kuwa kivinjari kinayatambua kwa tahajia yake ileile, pamoja na herufi kubwa na ndogo. Katika faili la SVG linalojitegemea, anayeandika "viewbox" badala ya "viewBox", sifa inayoweka vipimo vya eneo la mchoro, hatapata onyo lolote. Kivinjari kitaipuuza sifa hiyo, na mchoro hautakaa katika vipimo alivyokusudia. Jambo hili liandike waziwazi kwenye ukurasa wa "viewBox". Katika maelezo, hata hivyo, tumia bila woga maneno ya somo la hisabati: kitovu, nusukipenyo, mhimili, majira-nukta. Vijana wako wanayo tayari.

Sasa nirudi kwenye thamani za msingi, yaani zile ambazo kivinjari huzitumia mwandishi asipotaja nyingine, kwa sababu ndizo ninazoziona kuwa kiini cha ukurasa wa marejeo. Duara lisilo na "r" halichorwi kabisa, kwa kuwa nusukipenyo chake huhesabiwa kuwa 0. Likikosa "cx" na "cy", kitovu chake huenda kwenye 0,0, na kwa kawaida robo yake tu ndiyo itakayoonekana kwenye kona ya juu kushoto. Umbo lisilotajiwa "fill" hujazwa rangi nyeusi, lakini "stroke" isipotajwa hakuna mstari wa ukingo unaochorwa. Ndiyo maana elementi ya "line", ambayo haina eneo la ndani la kujazwa, haionekani mpaka ipewe "stroke". Ukurasa wa "text" nao useme kwamba "y" hupima mahali herufi zinapokalia, kwa hiyo maandishi yasiyo na "y" hupanda juu ya ukingo wa mchoro, yakabaki kuonekana mikia tu ya herufi kama "g" na "j". Mwanafunzi akishaiona mikia hiyo mara moja, na akakuta ukurasa unaomwambia imetoka wapi, hatakuwa na haja ya kukuita.

Kwa mifano, ningependa uchague kitu kimoja wanachokijua wote na ukitumie kutoka ukurasa hadi ukurasa. Bendera ya Taifa inafaa sana. Uwiano wake ni 2 kwa 3, kwa hiyo "viewBox" yaweza kuwa "0 0 72 48". Mstari mweusi hupanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu ya upande wa pili, na hapa mwanafunzi hujifunza kwamba mhimili wa y katika SVG huelekea chini, kinyume cha grafu za darasani:

<line x1="0" y1="48" x2="72" y2="0" stroke="black" stroke-width="13"/>

Akianzia 0,0 na kuishia 72,48, mstari utalala upande usio sahihi, na kosa hilo kila Mtanzania ataliona papo hapo. Mstari wa njano, ulio mpana zaidi, uandikwe kabla ya huo mweusi, kwa kuwa elementi inayotangulia hufunikwa na inayofuata.

Kila ukurasa utaje pia unafuata toleo gani. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya wavuti, lilipitisha SVG 1.0 mwaka 2001 na SVG 1.1 mwaka 2003, na toleo la pili la SVG 1.1 likatoka mwaka 2011. Katika SVG 2, elementi ya "use", inayorudia umbo lililokwisha kuchorwa, hulitaja umbo hilo kwa "href" peke yake. Fundisha hiyo, lakini itaje "xlink:href" kwa sentensi moja, kwani vijana wataikuta kwenye mafaili ya zamani.

Kabla hujachapa ukurasa wowote, wape vijana mfano wake, wafute sifa moja baada ya nyingine na kuandika wanachokiona. Majibu yao yatakuonyesha sentensi zinazokosekana. Ukifika kwenye "path", elementi inayochora umbo lolote kwa kufuata njia ya kalamu, utakuta kazi kubwa kuliko zote, maana sifa yake ya "d" ina amri zake zenyewe, ambamo "L" kubwa huhesabu kutoka 0,0 na "l" ndogo huhesabu kutoka pale kalamu ilipoachwa. Kanuni yako ya ukurasa mmoja kwa kila elementi iache hapo. "Path" ipewe kurasa nne au tano, na "circle" ibaki na nusu ukurasa.