Jino Linauma, Fedha Haitoshi: Je, Ling'olewe?

SWALI: Mimi ni mshonaji wa nguo mjini Morogoro na nina watoto watatu. Gego langu la chini limeniuma kwa wiki tatu, na sasa linaniamsha usiku hata kama sijala kitu. Katika kliniki moja binafsi nimeambiwa kwamba kutibu mzizi ni shilingi 250,000, mbali na kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililotibiwa, ambayo ni ghali zaidi ya hapo, ilhali kuling'oa ni shilingi 30,000. Jino lililo kando yake nalo lina tundu dogo lisilouma. Sina bima, na nimefikiria kuuza cherehani moja kati ya mbili nilizo nazo. Je, niuze nitibiwe, au niling'oe yaishe? Na kwa nini jino liwe ghali kuliko malaria?

JIBU: Dada yetu, cherehani usiuze, kwa kuwa ndiyo inayowalisha watoto, na njia nyingine bado hazijaisha.

Maumivu yanayokuja yenyewe usiku huashiria kwamba uozo umefika kwenye kiini, yaani sehemu ya katikati yenye neva na mishipa ya damu. Jino likifikia hapo, kuliziba tu hakutoshi: husafishwa mzizi au hung'olewa. Gego huwa na mifereji mitatu au minne myembamba, na kila mmoja husafishwa na kujazwa kwa vifaa vinavyoagizwa kutoka nje, pamoja na picha za eksirei, pengine kwa kurudi mara mbili au tatu. Malaria ni ghali vilevile, ila vipimo na dawa zake katika vituo vya umma hugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali na wafadhili, na mgonjwa haioni bei yake. Jino limeachwa juu ya mfuko wa mgonjwa, kana kwamba kula na kulala ni anasa, na mimi naona jambo hilo si haki.

Kabla ya kuamua, nenda kitengo cha kinywa na meno katika hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize bei ya kila hatua, na uulize kama jino likishasafishwa mzizi linaweza kuzibwa vizuri wakati unajipanga kwa ajili ya kofia. Ukishindwa kulipa, omba kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye hupokea maombi ya msamaha wa wasio na uwezo. Yote yakishindikana, ling'olewe kwa ganzi na mtaalamu, wala usijione umefanya aibu. Ukweli ni kwamba meno ya kando yanaweza kuegemea kwenye pengo na lile la juu kushuka, lakini gego moja kukosekana ni nafuu kuliko usaha kukaa kwenye taya.

Lile jino la pili ndilo ninalokuomba sana ulishughulikie mwezi huu. Tundu dogo lisilouma mara nyingi huzibika bila mashine: tabibu hukwangua uozo laini kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza saruji maalumu ya meno inayoachia floridi, madini yanayoimarisha meno, polepole, bila umeme na mara nyingi bila sindano. Njia hii ilianza kutumiwa hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, wataalamu walipotafuta tiba inayoweza kufika vijijini, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa ulimwengu. Mwaka 2021 shirika hilo liliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, katika orodha yake ya dawa muhimu. Inasikitisha kwamba wengi wetu tunakwenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa tu, wakati tiba nafuu iliyozaliwa kwetu ilitungoja tundu lilipokuwa dogo. Uliza kama kituo chako kinaifanya.

SWALI: Kila jino likiniuma hununua amoksilini duka la dawa na maumivu hutulia. Kuna ubaya gani?

JIBU: Ndugu, dawa hiyo haifiki ndani ya kiini kilichokufa, kwa hiyo maumivu hutulia kwa muda huku chanzo kikibaki palepale, na fedha unazotumia mara kwa mara huenda zingetosha kuling'oa. Pia unawazoesha vijidudu dawa. Ukiona uvimbe chini ya taya, homa, au ugumu wa kumeza, kufungua kinywa au kupumua, usipitie dukani. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa.