Kwa nini wimbo wa taifa husisimua mwili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini wimbo wa taifa la Kenya hukusisimua mwili hata unapopigwa bila maneno. Naamini siri imo katika lahani yenyewe, ambayo mwaka 1963 ilitolewa (nalisema hili kwa fahari ya mtu wa pwani) katika wimbo ambao akina mama wa Kipokomo, majirani zetu wa Mto Tana, huwabembelezea watoto, na sauti ya namna hiyo humwingia mtu kabla hajajua kusema. Hapa Malindi nilimwona mvuvi mzee akipita kando ya shule bendera ikipandishwa. Alitua kapu la samaki mchangani, akasimama wima mpaka ubeti wa mwisho, midomo ikimtetemeka.