Joka la Kabogo, mamba wa kufugwa na watu wenye vichwa vya mjusi

Wiki iliyopita niliandika mistari michache kuhusu viumbe wa hekaya za kale walio nusu mtu nusu nyoka, au mtu mwenye kichwa cha mamba. Nilisema naamini wengi wao walibuniwa na watu waliowatazama kwa makini wanyama, mifupa na ardhi yao. Barua zimekuwa nyingi. Nimechagua sita.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mvuvi wa Katonga. Wazee wanasema ndani ya Ziwa Tanganyika kuna joka, na kwamba kule Kabogo hunguruma. Ni kweli, au walitutisha tu?*

Marahaba, mwanangu. Mngurumo ni wa kweli. Mwaka 1871 msafiri Henry Stanley, akiwa njiani kuja Ujiji, aliandika alivyoelezwa na watu aliokutana nao: mlima wa Kabogo umejaa mashimo, na upepo ukivuma ziwani maji huingia humo yakatoa sauti kama radi. Vyombo vingi vilikuwa vimepotelea pale, kwa hiyo wasafiri walitupa majini vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga nyeupe, kumtuliza mulungu wa ziwa. Angalia hapo: waliotaja mashimo na upepo ni wenyeji. Chanzo cha sauti walikijua, na bado walipaheshimu mahali panapoua watu.

Ama joka la kuishi kilindini, hapana. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, lakini ukishuka kupita mita 200 hivi maji hayana oksijeni, wala samaki hawaishi huko. Na nyoka, awe mkubwa namna gani, huvuta hewa kwa mapafu. Ingemlazimu aibuke mara kwa mara, na ninyi mnaokesha na taa za dagaa mngekuwa mashahidi wa kwanza.

Mnayemwona ni swila wa majini. Mimi nilikutana naye asubuhi moja nikiwa nimekaa juu ya jiwe nasubiri mtumbwi, maji yametulia tuli. Kichwa cha kahawia kilichomoza kama hatua tatu kutoka miguuni pangu, kidogo tu kama kidole gumba, shingo ina pete nyeusi. Mwili uliofuata ulizidi kurefuka kila nilipoutazama, maana kila kiwimbi kiliongeza mkunjo mmoja. Akazama, akaibukia mbali na samaki mdomoni. Chakula chake ni samaki. Mtu hana haja naye, ingawa sumu anayo, kwa hiyo msimshike akinasa wavuni. Lakini magharibi, ukiwa peke yako ndani ya mtumbwi, mita mbili za swila huyo zinaweza kabisa kuwa kumi. Simlaumu aliyeziona kumi.

*Nasoma kidato cha tatu, Tabora. Kuna video zinasema sanamu za kale za Iraki zinaonyesha watu-mijusi waliotoka angani na kututawala. Rafiki zangu wanaamini. Niwajibu nini?*

Mwambie kila mmoja aitazame sanamu yenyewe kabla ya kusikiliza maelezo. Ni vinyago vidogo vya udongo wa kuchoma, vya zama za Ubaid, miaka 6,000 na zaidi iliyopita. Vingine vilikutwa makaburini katika mji wa kale wa Uru, huko huko Iraki. Kimoja ni mama amempakata mtoto ananyonya. Uso ni mrefu kweli, na macho ni vipande vya udongo vilivyobandikwa na kuchanjwa mstari katikati. Chukua punje ya kahawa ya Kalinzi uiweke kiganjani: ndilo jicho hilo. Mfinyanzi wa kitu kidogo hivyo hana njia nyepesi zaidi ya kuonyesha jicho.

Na kichwa kirefu? Mafuvu ya zama hizo yanaonyesha kuwa watu wa huko walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga ili virefuke, kwa urembo au kwa heshima ya ukoo. Wala si jambo la kigeni kwetu. Wamangbetu, kaskazini-mashariki mwa Kongo, walifanya hivyo hadi karne ya 20, na picha zao zipo. Kwa hiyo mama yule anaweza kuwa mwanamke wa kawaida wa mji wake, aliyependeza kwa mtindo wa mji wake. Kumwita mjusi ni kumvunjia heshima.

Habari za watu-nyoka wanaovaa sura za wafalme na kutawala kwa siri ni changa mno. Mwaka 1929 Mmarekani Robert E. Howard alichapisha hadithi ya kubuni yenye jambo hilo hilo. Waliokuja baadaye wakaiuza kama historia.

*Kwa nini nyoka yuko kila mahali, Misri, India, Meksiko, wakati watu hao hawakujuana? (Kasulu)*

Kwa sababu nyoka aliwafikia wote. Mwaka 2006 mtafiti Lynne Isbell alitoa hoja kwamba hata macho yetu makali, sisi na jamii ya nyani kwa ujumla, yamenolewa na hatari ya nyoka kwa mamilioni ya miaka: aliyechelewa kumwona kwenye majani hakuacha watoto. Wengine wanaipinga hoja hiyo, mimi inanivutia. Sokwe nao wakimwona chatu hupiga kelele za kuonyana.

Lakini woga peke yake hauumbi mungu. Simba anaua pia. Nyoka ana mambo ambayo mnyama mwingine hana: hana miguu na anakimbia, hana kope na hafumbi macho, anavua ngozi akatoka mpya anang'aa. Ukimwona anajivua, pale kwenye jicho ngozi hutoka pamoja na kigamba cha jicho chenyewe, kama kioo kidogo. Mtu aliyeona hivyo akasema "huyu hafi" alikuwa na sababu. Swila naye hutanua shingo na kuinuka wima kama mtu anayesimama kuzungumza, ndiyo maana Wamisri walimweka kwenye taji la farao na Wahindi wakamchora akimkinga Buddha na mvua. Ninyi mlio karibu na Unyamwezi mnawajua Bayeye, chama cha watu wa nyoka, wenye dawa zao na ngoma zao. Kaa na mmoja wao jioni nzima, utaona elimu ya nyoka ilivyo ndefu kabla haijawa hekaya.

*Bibi alinikataza kuuonyeshea kidole upinde wa mvua, akisema ni nyoka anakunywa maji. Je, ni imani ya kwetu tu?*

Hapana, mjukuu wa bibi mwema. Kule Benin, Wafon wana Ayido-Hwedo, nyoka wa upinde wa mvua. Wenyeji wa Australia nao wanaye wao. Kitu kirefu, kimepinda, kina rangi ya magamba yaliyolowa, kinatokea na mvua na mguu wake unaishia mtoni. Mtu angesema nini kingine? Malawi wanaye Napolo, nyoka wa mlimani anayeshuka na mafuriko. Mlima wa Zomba ulipoporomoka mwaka 1946, na Phalombe mwaka 1991, watu walimtaja yeye. Ukiona njia ya tope iliyoteremka mlimani ikijipindapinda na kumeza nyumba, utaelewa jina hilo lilitoka wapi.

*Mifupa ya dainosaria inaweza kuwa chanzo cha majoka? (Uvinza)*

Mifupa ya kale, ndiyo, ila si lazima iwe ya dainosaria. Klagenfurt, Austria, kuna sanamu ya joka ya karne ya 16. Kichwa chake kiliigwa kutoka fuvu lililochimbuliwa karibu na hapo, na baadaye likatambuliwa kuwa la kifaru mwenye manyoya wa zama za barafu. China, mifupa ya namna hiyo ilisagwa kwa karne nyingi ikauzwa kama dawa, kwa jina la mifupa ya joka. Sisi tunayo Tendaguru, Lindi: kati ya 1909 na 1913 wapagazi wetu walibeba vichwani zaidi ya tani 200 za mifupa ya dainosaria hadi bandarini. Mnyama aliyeungwa kwa mifupa hiyo amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13.

*Tunaishi Ilagala. Mamba amechukua watu mtoni, na sasa mzee jirani yetu anatuhumiwa kwamba anamfuga na kumtuma. Vijana wamekasirika. Wewe unasemaje?*

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu.

Wamisri pia walimwona mamba kuwa na akili ya mtu, wakamwita Sobek, mwili wa mwanamume na kichwa cha mamba. Herodoto, mwandishi wa kale wa Ugiriki, aliandika kwamba walimfuga, wakamvika dhahabu masikioni. Hawakukosea kuona akili. Macho, masikio na pua za mamba vimepangwa juu ya kichwa, anazama mwili wote na bado anakuona na kukusikia. Moyo wake hupunguza mapigo, anakaa chini muda mrefu bila kuvuta hewa. Na anajifunza: akiona watu wanashuka mahali pale pale, saa ile ile, na ndoo zile zile, atawangoja pale. Ndiyo maana huonekana kama ametumwa kwa mtu fulani. Hakuna aliyemtuma. Ratiba yetu ndiyo imemfundisha.

Kwa hiyo msishuke mahali pamoja kila siku, wala alfajiri na magharibi. Teka maji kwa ndoo yenye mti mrefu au kamba. Pigeni uzio wa miti iliyosimamishwa majini, imara, mtekee ndani yake. Pelekeni taarifa ofisi ya maliasili ya wilaya kwa maandishi, mwenyekiti wa kijiji asaini. Na leo, kabla hakujachwa, nenda ukakae na mzee huyo barazani kwake, vijana wakuone.